Kupima usugu wa hamira za mtoni bila kujidanganya

Chota lita moja ya maji ya mto wowote unaopita mjini, yachuje, otesha kilichobaki kwenye chujio, na hamira zitaota. Hilo halihitaji bahati wala vifaa vya mamilioni. Weka juu yake diski ya flukonazoli, dawa ya fangasi, na baadhi zitaota mpaka ukingoni mwa diski kana kwamba dawa haipo. Hapo wengi hukimbilia kuandika kichwa cha ripoti kwamba mto umejaa fangasi sugu, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Maswali mawili yanakuwa yamerukwa: hii ni hamira gani, na mto umepita wapi kabla ya kufika hapa?

Nawaandikia mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mtaalamu wa maabara mwenye inkubeta na otoklevu inayofanya kazi, na kikundi cha mazingira chenye jamaa chuoni. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa vifaa vya kawaida. Mashine ghali zinaingia mahali pamoja tu, nami nitapataja.

Kwa nini mtoni? Flukonazoli haivunjwi sana mwilini. Karibu asilimia 80 ya dozi hutoka na mkojo ikiwa vilevile ilivyomezwa. Mkojo unaenda chooni, na katika miji yetu safari ya kutoka shimo la choo hadi mtoni ni fupi, hasa masika mashimo yanapofurika au mwenye nyumba anapoyafungulia mvua. Upande wa pili kuna shamba. Dawa za ukungu za jamii ya azoli, kama tebukonazoli, propikonazoli na difenokonazoli, hushambulia kimeng'enya kilekile ambacho flukonazoli hushambulia ndani ya mgonjwa, kile ambacho fangasi hukihitaji ili atengeneze ergosteroli ya utando wa seli yake. Hamira iliyozoea dawa ya shambani huwa imeshapita nusu ya njia ya kuizoea ya hospitalini. Kwa binamu yake wa ukungu, Aspergillus fumigatus, hilo limeshaonekana karibu: mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya ukungu huo kutoka kwenye mazingira ya Tanzania ukiwa na mabadiliko ya vinasaba yaleyale ambayo Ulaya yalihusishwa na dawa za mashambani.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya fangasi hatari mwaka 2022, kundi la juu kabisa lilikuwa na wanne, na watatu kati yao ni wa jamii ya hamira: Cryptococcus neoformans, Candida auris na Candida albicans. Candida auris ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka kwenye sikio la mgonjwa Japani. Baadaye ikapatikana hata kwenye ufukwe na kinamasi cha maji chumvi huko visiwa vya Andaman, India. Kwa hiyo anayeuliza kama hamira za hospitali zina maskani nje ya hospitali anauliza swali la maana.

Kazi iliyo karibu zaidi na hii ninayoieleza ilifanyika Afrika Kusini. Watafiti wa North-West University walichapisha mwaka 2017 matokeo ya mito miwili. Walihesabu hamira kuanzia 27 hadi 2,573 kwa lita. Zilizojitokeza zaidi ni Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira ya mkate na pombe, pamoja na Candida glabrata, na nyingi zilistahimili azoli, hasa flukonazoli. Shika hizo tarakimu mbili, tutazihitaji kwenye kuchuja.

Sasa twende mtoni. Chukua mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita kati ya Vingunguti na Tabata, penye machinjio na mabwawa ya majitaka upande mmoja, unashuka Kigogo na Jangwani huku bustani za mchicha zikiufuata, kisha unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Mtu mwenye haraka atachota kwenye madaraja matano kwa sababu gari linafika. Atapata namba tano asizoweza kuzieleza, kwa kuwa kati ya daraja na daraja kuna kila kitu. Afadhali vituo vichache vilivyopangwa kwa jozi: kimoja juu ya mahali unapopashuku, kimoja chini yake, mbali kiasi cha maji kuchanganyika vizuri. Jozi moja kwenye mdomo wa majitaka, jozi nyingine kwenye bustani, na kituo kimoja huko juu kabla mji haujaanza. Bila hicho cha juu huna cha kulinganishia, na swali la kwanza la msimamizi wako litakumaliza. Usishuke hadi maji ya bahari yanapopanda na kushuka, labda kama ndiyo mada yako. Pima upitishaji umeme wa maji. Ukipanda ghafla, ujue chumvi imeshaingia.

Siku ya kwanza nenda bila chupa. Nenda na salamu. Mzee anayemwagilia mboga bondeni, ukimpa shikamoo yake na kumweleza unachofanya, atakuambia mengi kuliko ramani: lori la kunyonya vyoo linamwaga wapi usiku, maji yanabadilika rangi siku gani, dawa gani ya ukungu inapigwa na nani. Omba kuona chupa au pakiti yenyewe. Jina la biashara halikusaidii. Soma kiambato, yale maandishi madogo. Kikiishia na "konazoli" kwa namna yoyote ile, hiyo ni azoli na inaingia kwenye daftari. Mankozebu, ambayo utaikuta mara nyingi, ni dawa ya ukungu lakini si azoli na haina uhusiano wa moja kwa moja na flukonazoli. Nimesoma ripoti za wanafunzi zilizolaumu "viuatilifu" kwa jumla huku pakiti zote bondeni zikiwa za mankozebu. Huko ni kumhukumu asiyehusika.

Vibali vishughulikie mapema: Tanzania ni COSTECH kwa utafiti na ofisi ya bodi ya maji ya bonde husika, Kenya ni NACOSTI. Serikali ya mtaa nayo ijue, maana watu wenye glavu na masanduku kando ya mto huzua maneno.

Panga kwenda kiangazi na masika. Kiangazi maji ni machache na majitaka yanakuwa mazito ndani yake. Masika mvua inaosha udongo, majani na vyoo kwa pamoja, na idadi ya hamira inaweza kupanda kwa sababu isiyohusu dawa hata kidogo. Ziara moja tu inakuonyesha hali ya hewa ya siku ile.

Kuchota kwenyewe kuna adabu yake. Vaa buti ndefu na glavu, kwa sababu ya kichocho na kwa sababu ya vioo na sindano. Mwenye kidonda wazi au kinga iliyoshuka abaki maabara. Simama upande wa chini wa mkondo ili tope unalolitibua lisiingie kwenye chupa. Fungua chupa iliyotakaswa, elekeza mdomo wake mkondo unakotoka, izamishe kama sentimita 20 chini ya uso wa maji, ijae ila uache nafasi kidogo ya kutikisia. Palipo na majitaka yaliyotiwa klorini, tumia chupa zilizowekwa sodiamu thaiosalfeti, la sivyo klorini itaendelea kuua hamira njiani na utasifia mto usiostahili. Chupa ziingie kwenye sanduku la barafu na zichujwe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa sita. Papo hapo andika joto la maji, pH na muda, na unachokiona: mwanamke anafua, ng'ombe wanakunywa, bomba linatoa povu.

Na chupa moja zaidi, ambayo watu huiona ya kupoteza nafasi. Ijaze maji yaliyotakaswa maabara, safiri nayo, ifungue mtoni kwa muda uleule wa kuchota, ifunge, irudi na wenzake. Candida parapsilosis huishi kwenye ngozi ya mikono yetu. Chupa hiyo ikiotesha hamira, umeleta hamira zako mwenyewe, na matokeo ya siku nzima yanaingia shaka.

Maabara, tumia chujio la utando lenye vitundu vya mikromita 0.45. Ujazo ndio unaowasumbua wengi, na hapo zile tarakimu za Afrika Kusini zinafaa. Mto wenye hamira 27 kwa lita, ukichuja mililita 100 utapata koloni mbili au tatu, na hiyo ni kubahatisha tu. Wenye 2,573 kwa lita utakupa koloni 250 na ushee kwenye chujio moja, zimebanana, hazihesabiki wala hazitenganishiki. Kwa hiyo usichague ujazo mmoja. Kwa kila sampuli chuja mililita 100, mililita 10 na mililita 1, hiyo ya mwisho ukiiongezea maji safi ili itandazike, kila ujazo mara mbili. Hesabu kwenye sahani ambayo koloni zinaonekana moja moja. Maji ya tope ya masika yataziba chujio kabla ya mililita 100. Usilazimishe kwa pampu, punguza ujazo na uandike ulichofanya.

Chakula cha kuoteshea ni aga ya Sabouraud yenye kloramfenikoli miligramu 100 kwa lita ili bakteria wasitawale. Ukungu wenye manyoya ukikusumbua, na kwenye maji ya mto utakusumbua, tafuta aga yenye rose bengal ambayo huufanya usitambae haraka. Seti moja ya sahani iweke nyuzi 25 hadi 30, nyingine nyuzi 37. Ya kwanza inakuonyesha hamira za mto kwa jumla. Ya pili inakuonyesha zile zinazovumilia joto la mwili wa binadamu, na hizo ndizo za kuzitafakari kiafya. Hamira isiyoota nyuzi 37 si rahisi imletee mtu ugonjwa wa damu, hata ikiwa sugu namna gani. Anza kuangalia saa 48, endelea hadi siku ya tano.

Wenye bajeti ndogo wanaweza kuongeza sahani ya uchunguzi wa haraka: aga ileile ikiwa na flukonazoli. Usivunje kapsuli za duka la dawa, zina unga wa kujazia usiouhitaji. Dawa ya dripu ya hospitali ina miligramu 2 kwa mililita. Ukitaka mikrogramu 16 kwa kila mililita ya aga, chukua mililita 250 za aga iliyopoa hadi nyuzi 50 hivi, unapoweza kushika chupa bila kuiachia, tia mililita 2 za dripu, zungusha taratibu bila kutoa mapovu, mimina. Hesabu yake ni nyepesi: miligramu 4 ndani ya mililita 250. Linganisha koloni za sahani hii na za sahani isiyo na dawa kutoka ujazo uleule, utapata makisio ya sehemu inayostahimili. Makisio tu. Kwa vipimo rasmi vya kiwango cha dawa utahitaji unga halisi wa dawa.

Kuchagua koloni za kuendelea nazo kunahitaji nidhamu. Jicho linapenda za waridi na zinazong'aa. Weka kanuni kabla hujafungua inkubeta, kwa mfano koloni zote za robo moja ya sahani, na uifuate hata kama robo hiyo haina mvuto. Zipandikize tena kwenye sahani mpya mara mbili mpaka uwe na uhakika kila moja ni safi. Na koloni kumi za aina moja kutoka chupa moja usizihesabu kama vimelea kumi sugu. Huenda zote ni watoto wa seli moja. Bila vipimo vya vinasaba, chupa moja ikupe kimelea kimoja kwa kila aina.

Sasa jina, ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi yote. Anza na hadubini: je, kweli ni hamira, zinachipua, au ni bakteria wanene? Kisha jaribio la mrija wa kuota: gusa koloni, weka kwenye nusu mililita ya serami, nyuzi 37, saa mbili hadi tatu. Ikitoa kimrija kisicho na kiuno pale kinapoanzia, unashughulika na Candida albicans au ndugu yake Candida dubliniensis. Aga ya rangi maalumu ya Candida inatenganisha nyingine: albicans huwa kijani, tropicalis bluu ya chuma, krusei waridi iliyofifia yenye uso mkavu. Kipimo cha urea kikigeuka, fikiria Cryptococcus au Rhodotorula, na hii ya pili utaijua kwa rangi yake ya samoni. Pale panapobaki utata, na patabaki, ndipo mashine inapohitajika: peleka kipande cha jeni ya 26S au ITS kikasomwe katika chuo au taasisi yenye uwezo huo. Gharama ya kusoma vimelea 20 vilivyochaguliwa vizuri inavumilika kuliko aibu ya kuchapisha majina ya kubuni.

Kwa nini nakazania jina? Kwa sababu baadhi ya hamira zimezaliwa hazisikii dawa fulani. Candida krusei haisikii flukonazoli, haikufundishwa na mkojo wa mtu wala dawa ya nyanya. Rhodotorula vilevile, na kundi jingine la dawa za fangasi, ekinokandini, nalo haliigusi. Cryptococcus haisikii ekinokandini. Kutangaza kwamba krusei ya mtoni "imepata usugu" wa flukonazoli ni sawa na kutangaza kwamba samaki amejifunza kuogelea. Tena krusei hiyo ina jina jingine, Pichia kudriavzevii, na chini ya jina lake jingine la zamani, Issatchenkia orientalis, watafiti waliikuta ikifanya kazi ndani ya togwa ya Tanzania. Mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba ya hospitalini na ya vyakula vilivyochacha ni aina moja. Maana yake kwa mchota maji ni hii: ukipita chini ya mahali panapopikwa pombe ya kienyeji, au soko linalotupa matunda na pumba mtoni, utapata hamira nyingi zisizosikia flukonazoli, na sababu inaweza kuwa mtungi wa pombe. Mtu asiyetaja aina ataandika asilimia kubwa ya usugu, gazeti litaibeba, na wapika pombe hawatajua wamechangiaje. Kwa hiyo ripoti iwe na safu mbili: usugu wa kuzaliwa na usugu uliopatikana. Safu ya pili ndiyo inayozungumzia mto. Itakuwa fupi kuliko ya kwanza, na usione haya.

Kipimo chenyewe cha diski si kigumu. Aga ya Mueller-Hinton iongezewe glukosi gramu 20 kwa lita na methilini bluu miligramu 0.5 kwa lita. Kwa hiyo bluu, tengeneza akiba ya miligramu 5 kwa mililita, kisha tia mikrolita 100 tu kwenye lita. Mimina sahani ziwe na unene wa milimita 4, sawasawa; aga nyembamba inapanua duara lisilo na ukuaji kuzunguka diski, nene inalibana. Chukua koloni za saa 24, changanya kwenye maji chumvi ya asilimia 0.85 mpaka utusitusi wake ulingane na mrija wa 0.5 wa kipimo cha McFarland. Huna mirija ya dukani? Changanya mililita 0.05 za bariamu kloridi ya asilimia 1.175 na mililita 9.95 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1, funga vizuri, weka gizani, tikisa kila unapotumia, na linganisha mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Paka kwa pamba ya kijiti pande tatu, acha ikauke dakika chache, weka diski ya flukonazoli ya mikrogramu 25, nyuzi 35, soma baada ya saa 20 hadi 24.

Kusoma ndiko kunakohitaji jicho. Azoli huzuia hamira isikue bila kuiua moja kwa moja, kwa hiyo ndani ya duara mara nyingi utaona vumbi la koloni ndogo sana. Usipime kuanzia hapo. Pima pale ukuaji unapopungua wazi kwa macho. Lakini zikiwa ni koloni kubwa zenye afya katikati ya duara, hilo ni jambo jingine: ama sampuli imechanganyika, ama kuna watoto sugu ndani ya kundi. Rudi uisafishe upya.

Kila siku ya kupima, sahani moja iwe ya kimelea cha kulinganishia. Candida parapsilosis ATCC 22019 inapaswa kutoa duara la milimita 22 hadi 33 kwa diski hiyo. Ikitoka nje ya hapo, tupa matokeo ya siku hiyo hata kama ni mazuri mno kuyatupa. Kwa Candida albicans, duara la milimita 17 kwenda juu ni nyeti, 14 hadi 16 inategemea dozi, 13 kushuka chini ni sugu. Tahadhari na makala za zamani: zilitumia 19 na 14. Ukichukua asilimia zao na kuziweka kando ya zako bila kuangalia kipimo, utaonyesha usugu umepungua kumbe ni rula iliyobadilika. Candida glabrata haina kabisa daraja la "nyeti" kwa flukonazoli. Na kwa hamira nyingi za mtoni, Saccharomyces ikiwemo, hakuna mpaka uliokubaliwa wa kusema hii sugu hii si sugu. Hapo andika milimita ulizopima, onyesha zilivyotawanyika, na neno "sugu" liache. Anayetaka kuendelea apime kiwango cha chini cha dawa kinachozuia ukuaji, kwenye mchuzi wa RPMI.

Ukikutana na hamira inayoota vizuri nyuzi 42 na kwenye chumvi nyingi, haitoi mrija wa kuota, na haijali flukonazoli, usiite waandishi wa habari. Inaweza kuwa Candida auris, na inaweza kuwa nyingine inayofanana nayo. Vipimo vya kawaida vya kemia vimewahi kuichanganya na Candida haemulonii. Ipeleke maabara ya rufaa yenye uwezo wa kusoma vinasaba, ukiwa umeifunga vizuri kwa masharti ya kusafirisha vimelea, na uwataarifu wanaohusika na UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Taka zako zisirudi mtoni. Sahani zote zipite kwenye otoklevu, nyuzi 121, kabla ya kutupwa. Meza na vifaa vifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5, kwa dawa ya madoa ya asilimia 3.5 ni sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Ni kituko kikubwa mtu kupima usugu kisha amwage flukonazoli iliyobaki kwenye sinki.

Utarudi kwa wakazi na matokeo, na ni haki yao. Waambie kwa lugha ya kawaida, na kwa uzito wake. Mto wa mjini una hatari kubwa ya kuhara na kipindupindu kabla hujafika kwenye hamira. Mtu mwenye afya aliyelowa maji hayo si rahisi apate fangasi wa damu. Wa kuangaliwa ni mwenye kinga iliyoshuka, mwenye kidonda, mwenye mpira wa mkojo, na mtoto mchanga. Wapate maji mengine ya kuoshea. Kisha yale yanayoanzia nyumbani: flukonazoli isinunuliwe kapsuli moja moja kila muwasho unapotokea, kwa kuwa si kila muwasho ni fangasi, dawa iliyobaki isitupwe chooni, na wakulima wabadilishe aina za dawa za ukungu badala ya kukaa na azoli msimu hadi msimu. Bwana shamba wa kata akiwepo siku hiyo, atalieleza hilo vizuri kuliko mtu wa maabara.

Mwisho, tunza hamira zako, kwa sababu mtu atakuja kuuliza baada ya miaka mitatu, nawe mwenyewe utataka kuzipima kwa dawa nyingine. Kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, zihifadhi ndani ya gliseroli ya asilimia 20. Umeme wenu ukiwa wa kubahatisha, iko njia ya zamani ya Castellani: chupa ndogo yenye kifuniko cha kuzungusha, mililita chache za maji yaliyokenekwa na kutakaswa, koloni changa iliyokorogwa ndani yake, funga kabisa, weka kabatini kwenye joto la chumba. Hamira nyingi huishi humo miaka kadhaa bila chakula wala friji. Tengeneza chupa mbili kwa kila kimelea, moja ikae jengo jingine. Juu ya kila chupa andika kwa penseli, si kalamu ya wino inayofutika kwa spiriti: kituo, tarehe, nyuzi ilizoota, jina la aina na jinsi ulivyolipata. Jina likiwa la kubahatisha, weka alama ya kuuliza palepale kwenye lebo.